TUSIISINGIZIE MVUA



Kuna neno moja ambalo hapa shuleni limekuwa jibu la kila swali la michezo, tangu Januari hata Aprili. Ukiuliza kwa nini mechi ya mabweni haikuchezwa, utaambiwa, "Mvua." Ukiuliza kwa nini wasichana hawajafanya mazoezi ya netiboli kwa wiki mbili, utaambiwa, "Mvua." Hata mchezaji akiteguka kifundo cha mguu mwezi wa Juni, wakati mbinguni hakuna wingu, bado mvua ndiyo mshtakiwa, kwa kuwa aliteguka katika shimo lililochimbwa na nyayo za Februari. Mimi nasema kwamba mvua inasingiziwa, na leo nataka kuitetea.

Kwanza, haifai kuilaumu mvua katika mkoa kama wetu. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha huja miezi mingi ya jua na upepo. Mvua ile ile inayovunja mechi yetu ndiyo inayootesha mtama, uwele na alizeti, na kwa alizeti hizo wazazi wengi wametununulia sare na madaftari. Baba akiwa shambani anaomba mvua iongezeke, na mtoto akiwa shuleni anaomba ikome ili acheze mpira, nyumba hiyo ina maombi mawili yanayopigana. Yafaa mtoto atafute njia nyingine.

Pili, mvua haitushtukizi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nasi tuna dalili kubwa kuliko mawingu, nayo ni kalenda. Kila mwaka twajua itakuja miezi gani. Jambo linalojulikana miezi sita kabla haliwezi kuitwa ajali.

Sasa nitawaomba mnivumilie nizungumze habari za mchezo ambao wengi wetu hatujaucheza, yaani kriketi. Mchezo huu si mgeni kabisa katika nchi yetu. Unachezwa Dar es Salaam tangu zamani, na mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza katika Kombe la Dunia la kwanza huko Uingereza. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania walio chini ya miaka 19 walifuzu kuingia Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026. Lakini sikuuchagua kwa ajili ya sifa hizo. Nimeuchagua kwa sababu ni mchezo unaoogopa mvua kuliko michezo yote tuijuayo, na mwenye kuogopa jambo ndiye hujifunza kujikinga nalo.

Sababu ya woga huo ni hii. Mtupaji hutupa mpira mgumu wenye uzito wa gramu 160 hivi, nao kwa kawaida hudunda chini mara moja kabla ya kumfikia mpigaji. Ardhi ya pale unapodundia ikiwa ngumu na sawa, mpigaji aweza kukisia mpira utakuja wapi. Ikiwa laini hapa na ngumu pale, mpira mmoja hutambaa chini na wa pili humrukia usoni. Kwa hiyo wenye kriketi hawawezi kusema kama tusemavyo sisi, "Twendeni hivyo hivyo, tope si kitu." Imewabidi, kwa miaka zaidi ya 200, wafikiri juu ya udongo, maji, jua na saa.

Katika kiwanja chao kikubwa, mahali panapotunzwa kama mboni ya jicho ni kipande kimoja tu, chenye urefu wa mita 20 hivi na upana wa mita 3. Udongo wake huchaguliwa wenye mfinyanzi wa kutosha. Hutiwa maji, huachwa ukauke kidogo, hushindiliwa kwa chuma kizito cha kuviringisha, hutiwa maji tena, hushindiliwa tena, mpaka uwe kama sakafu. Mzee yeyote wa hapa kwetu aliyewahi kutengeneza uga wa kupuria mtama atacheka akiambiwa kwamba hiyo ni elimu ya kigeni. Yeye pia hukwangua nyasi, humwagia maji, hupiga udongo mpaka ushikane. Tena hufanya hivyo kabla ya mavuno, si siku ya mavuno. Na mjenzi wa tembe ajua vizuri kwamba paa la udongo lisilo na njia ya maji litawaangukia wenyewe. Hapa Afrika Mashariki, katika viwanja vingi vya zamani, wachezaji wa kriketi walitandika mkeka wa usumba juu ya udongo ulioshindiliwa wakachezea hapo. Walitumia walichokuwa nacho. Huko Kigali nako, kiwanja cha kriketi cha Gahanga kilichofunguliwa mwaka 2017 kina jengo lenye matao yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa nchi ile ile. Basi mtu asituambie kwamba bila fedha nyingi kutoka mbali hatuwezi kufanya kitu.

Katika historia ya mchezo huu kuna visa vitatu ambavyo naona vinatuhusu sana.

Kisa cha kwanza ni cha London, katika uwanja wa The Oval, tarehe 27 Agosti 1968. Uingereza ilikuwa ikicheza siku ya mwisho na Australia. Karibu na wakati wa chakula cha mchana mvua kubwa ikashuka, uwanja ukawa kama ziwa, na wengi walidhani mchezo umekwisha bila mshindi. Jua lilipotoka, watunza uwanja walishika kazi, na watazamaji wakashuka kuwasaidia. Wakatoboa ardhi ili maji yazame na kuyafyonza yaliyobaki juu. Mchezo ulianza tena ikiwa imebaki saa moja na robo. Derek Underwood akawatoa wapigaji 7 katika awamu ile, na Mwaustralia wa mwisho akatolewa zikiwa zimebaki dakika chache tu. Watu husifu mkono wa Underwood, na ni haki yao. Lakini mkono ule ungekaa mfukoni kama si mikono ya wale waliochota maji.

Kisa cha pili ni cha Durban, Afrika Kusini, mwezi wa Machi 1939. Timu za Afrika Kusini na Uingereza zilikubaliana kucheza bila kikomo cha siku mpaka mshindi apatikane. Zaidi ya mara moja mvua ilinyesha usiku, na asubuhi udongo uliolowa ukashindiliwa upya, hata kipande kile kikawa kizuri kwa mpigaji badala ya kuchakaa. Ilipofika siku ya kumi Uingereza ilikuwa imebakiza mikimbio 42 tu kupata ushindi, mvua ikashuka, nao ikawabidi waondoke kuwahi meli yao Cape Town. Mechi ikaisha bila mshindi. Kisa hiki chafundisha mambo mawili. Udongo uliotunzwa huweza kufaidika na mvua ile ile inayouharibu udongo uliotupwa. Tena, hakuna mchezo usio na mwisho: wao walikuwa na meli, sisi tuna kengele ya kufunga muhula. Mechi inayoahirishwa kila wiki mwishowe haitachezwa kamwe.

Kisa cha tatu ni cha Sydney, Australia, tarehe 22 Machi 1992, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 katika mipira 13. Mvua ikanyesha kwa dakika 12 hivi. Waliporudi, kanuni ya wakati huo ilikuwa imepunguza mipira bila kupunguza mikimbio kwa haki, na walibakiwa na mpira mmoja tu kwa mikimbio 21. Hakuna mwanadamu awezaye jambo hilo. Hasira ya watu ilikuwa kubwa, na wataalamu wawili wa hesabu, Frank Duckworth na Tony Lewis, wakatengeneza kanuni nyingine, ambayo hutazama mipira iliyobaki pamoja na wapigaji waliobaki. Mara ya kwanza ilitumika Harare, katika mechi ya Zimbabwe na Uingereza, tarehe 1 Januari 1997. Angalieni basi: hakuna aliyeweza kuizuia mvua, lakini dhuluma iliyofuata mvua ilizuilika kwa kalamu na karatasi.

Tukiacha Sydney na London tukarudi nyumbani, yafaa tuanze kwa hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mpira chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60 kina mita za mraba 6,000. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si ajabu kunyesha kwa mchana mmoja, huleta juu yake lita 120,000, yaani mapipa 600 ya lita 200. Hapo sijahesabu maji yanayoteremka kutoka upande wa juu. Maji hayo yote yatakwenda wapi? Kama hatukuyaonyesha njia, yatajichagulia mahali pa kukaa, nayo hupenda kukaa mbele ya magoli, kwa kuwa ndipo miguu ilipochimba zaidi.

Kazi ya kwanza, basi, ni mfereji upande wa juu wa uwanja, wa kukinga maji ya mteremko na kuyazungusha pembeni. Kazi hiyo yafanyika Agosti na Septemba, nayo haihitaji fundi. Maji hayo yaelekezwe kwenye bustani na miti ya shule. Mkoa wetu hauna maji ya kutupa, na mfereji mmoja waweza kutupa uwanja mkavu na miche iliyoshiba kwa pamoja.

Kazi ya pili ni kuupa uwanja mgongo, ili katikati pawe juu kidogo kuliko pembeni, sentimita 1 kwa kila mita 1. Hapa ndugu zangu wavulana watanichukia, lakini hesabu haina upendeleo. Kuinua mgongo wa namna hiyo katika kiwanja kizima cha mpira kwahitaji udongo wa mita za ujazo 900, yaani ndoo 45,000 za lita 20. Kazi hiyo ni ya greda, na ya mazungumzo marefu ya wazazi na serikali yetu. Lakini uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Mgongo wake wahitaji ndoo 900 kasoro. Tukiongeza kidogo kwa kuwa udongo hupungua ukishindiliwa, shule yenye wanafunzi 450 yaweza kuumaliza kwa ndoo tatu kila mmoja. Jumamosi moja yatosha.

Kwa hiyo nasema waziwazi: tuanze na uwanja wa netiboli. Kila mara mahali pakavu pakipungua, wavulana huhamia uwanja wa wasichana, na wasichana huambiwa wasubiri. Wakifika katika mashindano ya UMISSETA, twashangaa kwa nini hawakuzoeana. Kriketi imetufundisha kutunza kwanza kipande kidogo chenye manufaa makubwa. Kwetu kipande hicho ni uwanja wa netiboli, na baada yake ni eneo la mbele ya magoli mawili.

Kazi ya tatu ni kushindilia. Pipa kuukuu la lita 200, lililopitishwa bomba katikati na kujazwa zege, lina uzito wa kilo 480 hivi, na wanafunzi kadhaa wakiwa na mwalimu wao wanaweza kulikokota kwenye ardhi tambarare. Ushindiliaji ufanywe udongo ukiwa na unyevu. Ukiwa mkavu hupasuka, na ukiwa tope hung'ang'ania pipa. Ukoka upandwe mvua zikiwa bado changa, na mahali ulipopandwa pafungwe mpaka ushike.

Kazi ya nne haihitaji jembe, yahitaji nidhamu: tusikanyage uwanja uliolowa. Mchezo mmoja wa mzaha katika tope huacha mamia ya mashimo. Jua likiwaka mashimo hayo hukauka yakawa magumu kama matofali, na mwezi wa Juni huvunja miguu ya watu. Napendekeza kitambaa chekundu kitundikwe golini siku uwanja umefungwa, na anayeukata kuwahi bwalo ahesabiwe kama aliyetembea juu ya meza ya chakula. Na mvua ikikoma siku ya mechi, maji yatolewe kwanza kwa ndoo, mafagio na magunia, na ardhi itobolewe. Tusitupe udongo mkavu juu ya dimbwi, maana hapo twapika uji.

Yako maneno mawili juu ya kanuni. Sheria ya 7 ya mpira wa miguu yasema mechi iliyovunjwa hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano zimeagiza vingine. Mashindano yetu ya mabweni hayana kanuni iliyoandikwa. Matokeo yake, mvua ikinyesha, wanaoongoza huona uwanja hauchezeki, na walio nyuma huona unachezeka sana. Katika kriketi waamuzi ndio wenye neno juu ya hali ya uwanja, hewa na mwanga. Manahodha hawaulizwi nani anaongoza. Nasi tuandike karatasi moja, ibandikwe kabla ya mechi ya kwanza: nani ataamua, atangojewa kwa dakika ngapi, na matokeo yatahesabiwaje.

La pili ni zito zaidi. Mwezi wa Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi 7 wa sekondari huko Bukombe, mkoani Geita, nao walikuwa ndani ya darasa. Ikiwa radi yaweza kuwafuata watoto darasani, itakuwaje kwa aliyesimama peke yake katikati ya uwanja mweupe, au aliyejificha chini ya mti? Ngurumo ya kwanza ikisikika, mchezo usimame bila mjadala, watu waingie ndani, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hakuna kikombe chenye thamani ya mtoto mmoja.

Najua nitapingwa. Wako watakaosema kwamba kazi hizi zitakula wakati wa masomo. Nami nawajibu kwamba mfereji ni jiografia, mgongo wa uwanja ni hesabu, na ukoka ni biolojia; mwanafunzi aliyepima mteremko kwa kamba na chupa ya maji hatausahau katika mtihani. Tena saa za kazi ni chache kuliko saa tunazopoteza kila muhula tukisimama barazani kuitazama mvua.

Wengine, hasa wazazi, watasema hawakumleta mtoto shule kubeba udongo. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ina chanzo chake. Katika shule nyingi kazi ya uwanja imefanywa kuwa adhabu. Aliyechelewa hufyeka, aliyepiga kelele hufukia mashimo. Basi nani atapenda kazi ambayo ni alama ya makosa? Mtu aliyetumwa kwa hasira hufukia shimo juu juu, akaondoka. Naomba walimu wetu waheshimiwa waitenge kazi ya uwanja na adhabu. Iundwe kamati ya uwanja, wavulana na wasichana sawa kwa sawa, na siku ya mashindano majina yao yasomwe mstarini pamoja na majina ya wafungaji wa magoli. Wazazi nao, mwenye pipa kuukuu, mwenye mkokoteni, mwenye ujuzi wa zege, hatuwaombi fedha kabla ya kuwaomba ujuzi wao.

Wako pia watakaosema, "Uwanja wa Liti hapo mjini umewahi kuchezewa na timu kubwa, una watu wa kuutunza, sisi ni shule tu." Kweli, hatuna mishahara ya kulipa watunzaji. Lakini tuna mamia ya mikono, nayo iko hapa siku tano kwa wiki. Asiye na mtumishi hujitumikia.

Gazeti hili litakapofika mikononi mwenu, mvua zitakuwa zimekoma, ardhi itakuwa imekauka, na kila mtu atakuwa amesahau tope. Huo ndio wakati wa hatari, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huonekana vizuri wakati wa kiangazi. Tuna miezi ya Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Naomba muhula ujao uanze kwa mambo matatu: kamati ichaguliwe wiki ya kwanza, mfereji upimwe wiki ya pili, na Jumamosi ya wiki ya tatu kila mwanafunzi aje na ndoo yake kwenye uwanja wa netiboli. Tukifanya hivyo, Januari mvua itakapobisha hodi tutaikaribisha kama wazazi wetu wanavyoikaribisha, na jioni yake, ngurumo zikinyamaza, tutacheza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne